Dereva na Gari Lisilonguruma

Dereva hakupenda kupanda gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Ilipombidi apande basi kwenda Biharamulo, alikaa kiti kilicho nyuma ya mwenye usukani, mguu wake wa kulia ukikandamiza sakafu kila penye kona. Akishuka alikuwa amechoka kuliko aliyeendesha. Siku moja dereva wa basi alichoka kumsikia akivuta pumzi kwa nguvu kila walipopishana na lori, akapunguza mwendo na kugeuza shingo.

"Mzee, kama unaliweza, njoo ukae hapa wewe."

Abiria walicheka. Yeye hakucheka. Alisimama kweli, akaanza kujipenyeza kwenda mbele, na kama mkewe asingemkamata koti, nadhani basi lile lingefika Biharamulo likiwa mikononi mwake.

Nilimfahamu tangu nikiwa msichana mdogo wa Bukiriro. Kati ya nyumba yetu na yake palikuwa na shamba la migomba, basi. Jina lake alikuwa nalo, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Alikuwa Dereva kwa kila mtu: kwa mchungaji, kwa wauza maharage sokoni, hata kwa mkewe anapokasirika. Aliendesha gari la wagonjwa kwa miaka mingi mpaka akastaafu. Mkewe sisi tulimwita Bibi, tangu enzi ambazo hakuwa na mjukuu wala mvi.

Mtu akisikia nasema aliendesha gari la wagonjwa, anafikiri alikuwa mtu wa kelele na kasi. Hapana. King'ora alikichukia. Alikiwasha kwenye barabara kuu tu, penye malori yanayotoka mpakani, na akikaribia vijiji alikizima. Alisema watu wakisikia king'ora kila mmoja anaanza kuhesabu watoto wake.

Alikuwa na jambo lake jingine ambalo waliopanda gari lile wanalikumbuka mpaka leo. Hakumwambia mgonjwa "bado kidogo". Alilikataa neno hilo kabisa. "Bado kidogo ni uongo," alikuwa akisema. "Mtu anaumwa, unamwambia bado kidogo, anasubiri, anaona hafiki, anakata tamaa. Mwambie yuko wapi." Kwa hiyo alitaja mahali. Mama yangu alipokuwa akijifungua mdogo wangu na mambo yakaenda vibaya, nilipanda naye gari lile, nimeshika mguu wake. Kutoka mbele ilikuja sauti ya Dereva, ya chini, haina haraka: "Sasa tumevuka daraja. Sasa tuko kwenye mikaratusi. Hapa balabala ni mbovu, mama, vumilia, kona ni mbili." Hivyo ndivyo alivyosema, balabala, na gari aliita gali, kama wazee wetu wengi ambao Kiswahili walikutana nacho shuleni wakati ulimi umeshazoea Kihangaza. Mama aliniambia baadaye kwamba sauti ile ndiyo aliyoishikilia, si mkono wangu.

Ndani ya gari lile alisafisha mwenyewe. Wahudumu walikuwepo, lakini hakuwaachia. Utamkuta mtoni au nyuma ya hospitali, suruali imekunjwa, anasugua sakafu kwa sabuni ya mche. Na kwa kuwa mashuka hayakuwepo siku zote, alikuwa akitandika kanga za mkewe. Mgonjwa akilazwa, kanga inabaki naye. Akifa, inakwenda naye. Bibi alilalamika mwaka hadi mwaka.

"Wilaya nzima imefunikwa kwa kanga zangu," alisema. "Nikipita sokoni naziona zinatembea."

Lakini asubuhi, kabla Dereva hajatoka, kulikuwa na kanga nyingine imekunjwa juu ya kiti cha mlangoni. Sikuwahi kuona akiiweka. Niliikuta tu pale nilipotumwa kuomba moto au chumvi.

Kulikuwa na watu wasiompenda, na sababu yao naielewa. Dereva hakuhudhuria mazishi. Si ya kila mtu; ya wale aliowabeba wakafariki. Aliwabeba majirani zetu, aliwabeba watu wa kanisani kwake, na walipozikwa hakuonekana. Bibi alikwenda kwa niaba yake, akakaa na wafiwa, akapika, akafagia, akarudi. Wengine walisema ni majivuno. Mzee mmoja alimfuata mpaka nyumbani kumuuliza kwa nini hakuja kumzika mwanawe. Dereva alimkaribisha, akampa kiti, akakaa naye mpaka jua likashuka, hakujibu neno. Mzee aliondoka akiwa amekasirika zaidi. Mimi nilimwuliza Bibi, kwa sababu watoto huuliza. Alisema, "Akienda kaburini, kesho hataweza kuwasha gari." 

Huyu mtu wa damu na ajali alikuwa anaogopa sindano. Alipougua malaria alijificha chooni mpaka nesi akaondoka. Na alikuwa anaogopa umeme. Nguzo zilipofika kwetu, kila nyumba ilisherehekea, lakini yeye aliwasha taa kwa ncha ya kijiti cha mti mkavu, amevaa kandambili zote mbili. Kijiti hicho kilining'inia kwa uzi kando ya swichi kwa muda mrefu.

Hata hivyo nilipoamua kusomea umeme chuo cha ufundi, ni yeye aliyenitetea. Baba yangu alikuwa akisita, wajomba walikuwa wakicheka, wakiuliza nani ataoa mwanamke anayepanda nguzo. Dereva alikuwa amekaa kimya pembeni na kikombe chake cha uji. Akasema, "Gari haliulizi ni nani amelishika usukani." Kisha akarudi kwenye uji. Nilimaliza chuo, nikafanya kazi chini ya mafundi wengine, nikapata leseni yangu, nikafungua duka dogo la vifaa vya umeme Ngara mjini, karibu na stendi. Kila alipopita pale alisimama mlangoni, haingii, anaangalia nyaya zilizoning'inia kama mtu anayeangalia nyoka waliokufa.

"Shikamoo Dereva."

"Marahaba. Hizi hazina moto?"

"Hazina, mzee. Zimelala."

"Zisije zikaamka," alisema, akaenda zake.

Bibi alianza kuumwa moyo baada ya Dereva kustaafu. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa analala ameegemea mito kama mtu aliyekaa. Ilibidi awe anakwenda kliniki mjini mara kwa mara. Bodaboda hakuiweza. Gari la kukodi aliliweza kwa shida, kwa sababu ugonjwa ule ulimfanya achukie harufu ya petroli. Akiisikia tu anatapika, na akitapika pumzi inakata. Dereva alimfungia ndimu kwenye leso, akamshikia puani njia nzima. Naye akiwa abiria, mguu wake ukikanyaga sakafu.

Wana binti mmoja, anafanya kazi Dar es Salaam kwa watu wanaoingiza magari. Alikaa akifikiria mambo ya mama yake, mwishowe akawanunulia gari dogo la umeme, limetumika lakini zima. Likaletwa juu ya lori. Siku lilipofika Bukiriro nilikuwepo, kwa sababu binti alinipigia simu akaniomba nikalipokee pamoja nao na nimfungie baba yake chaja ya ukutani.

Lori liliposhusha gari, Dereva alilizunguka. Alipiga teke tairi moja moja. Akafungua boneti, akainama, akakaa ameinama muda mrefu.

"Wamesahau injini," alisema.

"Ndiyo hivyo lilivyo, mzee. Halina injini ya mafuta. Lina mota na betri."

"Liwashe."

"Limeshawaka."

Akasogeza sikio. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa. "Gari lisilonguruma," alisema, "hili ni la kuibia mbuzi."

Bibi alikuwa ameletewa kiti nje. Aliomba asogezwe. Akaingiza kichwa dirishani, akavuta pumzi kwa tahadhari, kisha akavuta tena, safari hii kwa nguvu, mpaka kifua kikapanda.

"Dereva," akasema. "Hili halinuki."

Hapo ndipo lilipogeuka kuwa gari lake. Sijamwona tena akilidharau. Kesho yake alimpeleka kliniki kwa chaji iliyokuja nalo, akarudi, akanipigia simu kuniambia kwamba Bibi hakutapika hata mara moja, na kwamba njiani alikuwa akiimba. Alilirudia jambo hilo: "Alikuwa anaimba, mwanangu. Mimi nasikia, kwa sababu gari halina kelele."

Kilichobaki kilikuwa kazi yangu.

Niseme wazi ilikuwaje, kwa sababu watu wa Bukiriro walisema mengi baadaye. Nyumba ile ilifungwa nyaya zamani, na mtu ambaye sikumjua. Nilipanda darini na tochi, nikakuta waya mwembamba wa kubeba taa ndio uliobebeshwa kila kitu, jikoni, redio, pasi. Sehemu moja juu ya chumba cha kulala, ngozi ya waya ilikuwa imekauka na kupasuka, mbao za kenchi pembeni yake zimeanza kuwa nyeusi. Waya wa ardhi, ule unaouvuta umeme chini badala ya kumpitia mtu, haukuwepo kabisa. Chaja ya gari si kama chaja ya simu. Inavuta umeme mwingi, na inavuta kwa saa nyingi bila kupumzika, watu wakiwa wamelala.

Nilishuka, nikawaeleza. Nitatoa laini mpya kutoka kwenye mita, kebo nene, ya gari peke yake, yenye swichi yake ya kujikata. Nitachimbia fimbo ya shaba ya ardhi. Na ofisi ya umeme lazima ije ibadilishe waya unaotoka nguzoni, kwa sababu nao haukutosha. Kebo ya unene ule haikuwepo Ngara, niliagiza Mwanza. Ofisini niliambiwa foleni ni ndefu.

"Itachukua muda gani?" Dereva aliuliza.

"Wiki kadhaa, mzee. Nitawasukuma."

"Na kliniki?"

"Tutakodi gari."

Aliangalia lile gari lake. Kisha akaingia ndani, akatoka na waya wa kuongezea, ule mweupe wenye matundu ya kuchomekea pasi na redio, akauweka miguuni pangu.

"Gari limekuja na waya wake wa kuchomeka ukutani. Binti yangu ameniambia. Chomeka hapa. Kidogo tu, lipate la kwenda na kurudi."

"Haiwezekani, Dereva."

"Kijana mmoja wa sokoni amesema anaweza kufanya leo."

"Anaweza. Na nyumba itaungua."

Sikuwahi kumwona akikasirika kabla ya siku ile. Alisema kwa Kihangaza, polepole, kwamba amebeba watu wanaokufa kwa magari yasiyo na breki, yasiyo na taa, na walifika. Na sasa gari zima lipo mlangoni kwake, mimi namwambia lisiondoke. Nilisimama tu na tochi yangu.

Bibi alisikia kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kuwa nyembamba. "Mwache afanye kazi yake," alisema. "Wewe ulikuwa unakataa kuondoka mpaka ukague matairi, watu wanalia. Sasa na yeye anakagua."

Dereva aliokota waya wake, akaurudisha ndani. Kabla sijaondoka nilizima laini yote ya upande ule wa chumba chao na kuikata, kwa sababu nisingelala nikijua wamelala chini ya mbao zile. Nilianza kuchimba shimo la fimbo ya ardhi siku ileile.

Nilikwenda ofisini kuuliza karibu kila siku. Waliniona mpaka wakawa wananisalimia kwa jina kabla sijafika dirishani. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na gari moja na nguzo zilizoangushwa na upepo upande wa pili wa wilaya.

Asubuhi moja ya mvua simu yangu iliita. Ni Dereva.

"Mwanangu, Bibi amebadilika. Gari la kukodi nimeliita, linasema limekwama kwenye tope. Hili langu linaonyesha limebaki kidogo. Kioo chake kinasema kumi na mbili kwa mia. Litafika?"

Nilifumba macho. Nikaipita barabara yote kichwani, mpaka chini ya mlima wa mjini, nikaanza kuupanda ule mlima.

"Halitafika juu, mzee. Litafika chini ya mlima. Nisubiri, natafuta gari hapa stendi nalituma."

"Nikusubiri wapi?" alisema. Haikuwa hasira. Alikuwa anauliza kweli. Nikasikia nyuma yake pumzi ya Bibi, ile ya kuvuta bila kupata. "Nitakuja mpaka litakapoishia. Nikutane na hilo gari lako njiani."

Nilipata pikapu, nikaipanda mwenyewe. Tulishuka mlima kwenye mvua, kioo hakionyeshi kitu. Tulilikuta gari la Dereva kwenye kona ya kwanza ya mpando, limewekwa pembeni vizuri, jiwe chini ya kila tairi la nyuma. Milango imefungwa. Ndani hamna mtu.

Fuso la maharage lilikuwa limepita kabla yetu na kuwachukua. Tulipishana nalo kwenye mvua na sikulitambua. Tuligeuza. Tulipofika hospitali, Bibi alikuwa ameshafunikwa. Alifia kwenye kabini ya Fuso, kati ya mumewe na yule mwenye gari, kabla ya kufika getini.

Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka mno, na kwamba hata angefika saa moja kabla, yeye asingeahidi kitu. Nimejiambia maneno hayo mara nyingi. Mwenye Fuso alikuwa bado amesimama barazani, hajui aondoke au abaki. Aliniuliza kama mimi ni ndugu. Nikasema ndiyo.

"Yule mzee," alisema, "njia nzima alikuwa anamtajia mahali tulipo. Sasa tumepita mti. Sasa tumeanza kona ya pili. Sasa naona paa la kanisa. Nikadhani amechanganyikiwa. Hata mama alipokuwa ameshanyamaza, yeye anamtajia tu."

Tulimzika Bukiriro. Nilitaka kuona kama Dereva atakuja kaburini. Alikuja mpaka kwenye migomba, akasimama pale, mkono umeshika mgomba mmoja, na wakati wa kutupa udongo binti yake alikwenda kumvuta. Hakusogea. Binti akajaza kiganja udongo, akampelekea. Aliupokea. Watu walipoanza kutawanyika alikuwa bado ameukunjia ngumi, na sijui aliuweka wapi.

Mimi hakunisemesha. Nilimpa mkono wa pole, akaupokea, akasema "Urakoze," yaani asante, akaangalia pengine. Watu walinong'ona kwamba fundi wa mjini na masharti yake ndiye aliyechelewesha. Wengine waliyasema wakiwa karibu nami ili niyasikie. Ni kweli kwamba ningechomeka ule waya mweupe, asubuhi ile gari lingekuwa limejaa. Ni kweli pia nilichokiona darini. Nimeyabeba yote mawili, na moja halijawahi kulitoa lingine. Wangeniuliza leo, ningekataa tena, na ningelia tena.

Kebo ilifika kutoka Mwanza wiki iliyofuata mazishi. Nikaiweka nyuma ya duka, nikaifunika turubai ili nisiione. Wale wa ofisi ya umeme nao walipata nafasi, wakaenda Bukiriro kubadilisha waya wa nguzoni, kwa kuwa jina lilikuwa bado kwenye foleni na mimi sikuwa na moyo wa kulifuta. Gari lenyewe vijana walikuwa wamelivuta hadi nyumbani kwa kamba.

Mvua zilikuwa zimekatika Dereva aliponipigia.

"Kebo yako haijafika?"

"Imefika, mzee. Siku nyingi."

"Basi njoo umalize."

Nilikwenda. Alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa. Tulisalimiana, akanionyesha mahali ambapo chaja ingekaa kana kwamba sikupajua, kisha akaketi kwenye kiti kilekile ambacho Bibi alikalia siku gari lilipofika. Nilifanya kazi, yeye akiangalia. Nilivuta kebo, nikaipitisha kwenye bomba, nikafunga swichi yake, nikaunga waya wa ardhi, nikapima, nikapima tena. Sikuwa na haja ya kupima mara ya pili. Nilikuwa naogopa kumaliza.

"Tayari?" aliuliza.

"Tayari."

"Naweza kuishika?"

Hakwenda kutafuta kijiti. Alichukua kichwa cha chaja kwa mikono miwili, akakisukuma mahali pake kwenye gari kama mtu anayemnywesha mtoto maji. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Dereva aliiangalia mpaka macho yakamjaa, akayafuta kwa mkono wa shati.

"Likijaa," alisema, "twende wote Kaniha."

Ndipo aliponiambia habari ambayo sikuijua. Bibi alikuwa na dada yake mkubwa kule Kaniha, upande wa Biharamulo, bibi kizee ambaye miguu yake ilikufa zamani. Hakuweza kuja kwenye mazishi. Tangu gari lilipoletwa, kila Jumapili Bibi alimpigia simu: Nakuja, dada. Tuna gari lisilonuka. Fundi akimaliza, nakuja. Kule walikuwa wameshachagua mpaka jogoo.

"Nimepeleka watu wa wilaya mbili," Dereva alisema. "Huyu mmoja sikumpeleka."

Hakuniangalia aliposema hivyo, na sikuhisi kwamba alinisema mimi. Alikuwa amefunga nguo za Bibi kwenye shuka, vitenge, sweta, viatu vya kanisani, ili zikapokewe na dada yake kama desturi. Nilikaa kiti cha nyuma na furushi lile mapajani. Kiti cha mbele, pembeni yake, alikiacha wazi. Sikumwuliza, na yeye hakunikaribisha.

Aliendesha vizuri. Sijui niseme nini zaidi kuhusu safari ile. Tuliteremka, tukaingia barabara ya malori, tukapita pori, na ndani mlikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia alivyokuwa akimeza mate. Furushi lilinuka sabuni na karafuu.

Nyumba ya Kaniha ilikuwa ndani ya mahindi, mwisho wa njia ya ng'ombe. Hakuna aliyetusikia tukifika. Bibi kizee alikuwa amekaa mkekani mlangoni, anachambua maharage. Aliinua kichwa, akaliona gari limesimama mbele yake ghafla, na ungo ukamtoka mkononi. Alifanana na Bibi mpaka nikashindwa kufungua mlango. Yeye alijua, alikuwa ameshaambiwa, alikuwa ameshalia, nywele alikuwa ameshanyoa. Lakini macho yake yalikwenda kwanza kwenye kiti kile cha mbele, yakabaki pale.

Dereva alishuka, akavua kofia.

"Shemeji," alisema. "Nimekuja."

"Nakuona," alijibu yule mama. Walikaa hivyo, mmoja amesimama, mwingine ameketi, maharage yamemwagika katikati yao. Kisha akauliza, "Angekaa wapi?"

Dereva hakuelewa, au alielewa haraka mno. Alikwenda upande wa kushoto, akafungua mlango.

"Hapa."

"Nikalishe hapo."

Alimwinua. Hilo alikuwa analijua kuliko mtu yeyote: mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni, bila kumtikisa. Alimweka kwenye kiti, akamtengenezea kitenge kisibanwe na mlango. Yule mama alipapasa kiti, akapapasa ukingo wa dirisha, akaweka mikono mapajani na kuangalia mbele, kwenye mahindi. Akavuta pumzi kwa pua.

"Kweli," alisema. "Halinuki."

Dereva alifunga mlango taratibu. Akazunguka mbele ya gari, akaingia upande wake, akashika usukani. Nadhani alitaka kumzungusha kidogo, mpaka njia kuu na kurudi. Hakuliondoa. Mabega yalianza kumtikisika, kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, si siku ile hospitalini, si kaburini; sauti kubwa, ya mtu aliyeangukiwa na kitu. Watu walitoka kwenye nyumba za jirani. Mimi nilikuwa nimesimama nje na furushi, sikujua niliweke wapi.

Yule mama hakugeuka kumwangalia. Aliunyoosha mkono tu, akamshika mkono wa shati, akaukamata kwa nguvu.

"Lia, shemeji," alisema. "Humu hamna mgonjwa. Hatuna haraka."